Nasaba ya Azd: wapi inashika, wapi inalegea

Mtu anayeitwa Kharusi, Hinai, Nabhani au Busaidi, awe Nizwa, Unguja au Mombasa, ukimwuliza kabila lake la juu kabisa ni lipi, mara nyingi atakujibu: Azd. Ukimbana kidogo atakutajia baba, babu na mababu kumi au ishirini kwa pumzi moja mpaka atue kwa Qahtan, anayehesabiwa babu wa Waarabu wa kusini. Wapo watakaoupokea mnyororo huo wote kama ulivyo, kana kwamba kila jina liliandikwa na karani wa vizazi na vifo. Wapo pia watakaosema ni hadithi za wazee na kuutupa. Wote wawili wamejirahisishia kazi.

Azd ni kabila zuri la kujifunzia elimu ya nasaba, kwa sababu limeguswa na ushahidi wa kila aina: maandishi ya mawe ya Yemen, vitabu vya wanasaba wa Iraq, sira na hadithi, daftari za jeshi la Basra, tarehe (yaani masimulizi ya historia) za maimamu wa Oman, na kwa upande wetu tarehe ya Pate. Ushahidi huo hauna uzito sawa katika kila pingili ya mnyororo. Kuna mahali unaweza kusimama na mzigo kichwani, na kuna mahali ukikanyaga tu panadidimia.

Majina kumi ya juu

Wanasaba wengi wanampandisha hivi: al-Azd bin al-Ghawth bin Nabt bin Malik bin Zayd bin Kahlan bin Saba bin Yashjub bin Ya'rub bin Qahtan. Ni majina kumi. Azd yenyewe ni lakabu. Jina lake halisi huandikwa Dira. Chini ya Saba wanatoka ndugu wawili, Himyar na Kahlan, na chini ya Kahlan ndipo wanapowekwa Azd, Hamdan, Madhhij, Tayy, Kinda na wengineo. Waarabu hawa wote huitwa wa Qahtan au wa Yaman, mbali na wale wa Adnan, ambao Maquraishi wametoka kwao.

Sasa chukua hesabu ya mwanahistoria Ibn Khaldun: vizazi vitatu kwa kila miaka 100. Si sheria ya kukata na shoka, lakini kwa mnyororo mrefu inafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu anayezaa mapema na anayezaa uzeeni wanasawazishana. Kutoka Saba mpaka Azd kuna hatua sita, yaani miaka 200 hivi. Lakini Saba kama dola inajulikana kwenye maandishi tangu karne ya 8 kabla ya Kristo. Hata wafalme wa Ashuru waliandika kuhusu zawadi zilizotoka kwa mfalme wake. Na Azd kama watu wenye mfalme wao tunawaona kwenye jiwe la karibu mwaka 300 baada ya Kristo. Miaka zaidi ya 1,000 haienei kwenye hatua sita.

Kwa hiyo yale majina ya juu ni ya nini? Kwangu mimi jibu liko wazi: ni majina ya watu na ya dola yaliyopangwa kama baba na watoto, ili kusema nani ni jamaa ya nani. Saba ilikuwa nchi kabla haijawa babu. Mpango huo ulikomaa hasa zama za Banu Umayya, wakati kuwa wa Yaman au wa Nizar (upande wa Adnan) kulikuwa na maana ya mshahara, cheo na nani atakutetea ukiuawa. Ndiyo maana Quda'a, kabila zima, liliweza kuhamishwa kutoka upande wa Ma'add (nao ni wa Adnan) na kupachikwa chini ya Himyar, wanasaba wakigombana juu yake huku wenyewe wakiangalia ni upande gani una manufaa. Kama kabila zima linaweza kubadilishiwa babu namna hiyo, majina ya juu ya Azd nayo yasomwe kwa jicho hilohilo.

Lambo la Marib na kofi la makusudi

Hadithi inayojulikana sana ni ya kutawanyika. Mkuu wa Azd huko Marib alikuwa Amr, lakabu yake Muzayqiya, mwana wa Amir aliyeitwa Ma' al-Sama, bin Haritha al-Ghitrif bin Imru' al-Qays bin Tha'laba bin Mazin bin al-Azd. Inasemekana alikuwa akivaa nguo mpya na kuirarua jioni ili asiivae mwingine, ndipo akaitwa Muzayqiya, mraruaji. Kahini mmoja, Tarifa, akamtabiria kwamba lambo litabomoka. Amr akaenda kuangalia, akakuta panya anabiringisha jiwe ambalo wanaume kadhaa wangeshindwa kulisogeza.

Hapo ndipo penye utamu. Amr alitaka kuuza mashamba yake kabla habari haijavuja. Akamwagiza kijana wake: nitakapokukaripia mbele ya wageni, nipige kofi. Karamu ikafanyika, kofi likapigwa, na mzee akaapa hakai tena katika nchi aliyopigwa usoni na mtoto. Wakuu wa mji wakaichangamkia bei, wakamnunulia kila kitu. Yeye na watu wake wakaondoka na fedha mkononi, na lambo likabomoka kwa walionunua. Kama biashara, ilikuwa ya kihuni.

Lambo lenyewe ni kweli tupu. Lilizuia maji ya Wadi Dhana, urefu wake karibu mita 600 na kimo chake kama mita 15, na milango yake miwili mikubwa ya mawe, kaskazini na kusini, imesimama hadi leo. Qur'ani inataja gharika yake katika sura iitwayo Saba, aya ya 16. Shida ni kwamba halikubomoka mara moja. Lilivunjika na kukarabatiwa mara nyingi: kuna jiwe la matengenezo ya katikati ya karne ya 5, na jiwe refu la Abraha, mtawala wa Yemen, linaloeleza matengenezo ya mwaka 548. Kuvunjika kwa mwisho kulikuja baada ya hapo, mwishoni mwa karne ya 6.

Linganisha na hao wanaosemwa walitawanywa na lambo hilo. Wafalme wa Ghassan, wa ukoo wa Jafna bin Amr Muzayqiya, walikuwa tayari Shamu. Al-Harith bin Jabala alitambuliwa na Kaisari Justinian karibu mwaka 529. Aws na Khazraj walikuwa wameshakaa Yathrib. Na lile jiwe la Himyar, dola ya Yemen, la wakati wa mfalme wake Shammar Yuhar'ish, karibu mwaka 300, linasimulia mjumbe aliyetumwa kwa Malik bin Ka'b, mfalme wa al-Asd (tahajia ya zamani ya al-Azd), kisha akaendelea mpaka Ktesifoni kwa Waajemi. Kaburi la Namara huko Shamu, la mwaka 328, nalo linataja "al-Asd wawili", kama wasomaji wengi wa maandishi hayo wanavyolisoma. Yaani miaka zaidi ya 200 kabla ya gharika ya mwisho, Azd walikuwa na wafalme na walishagawanyika.

Ni sahihi zaidi kusema walihama kwa mafungu, vizazi kwa vizazi: malisho, vita vya Himyar, biashara ya misafara kudorora, na pengine moja ya zile bomoka-bomoka za awali. Gharika ikaja baadaye kuwa tukio moja la kuyabeba yote.

Mafungu manne

Baada ya kutawanyika, wanajiografia wa Kiarabu huwataja Azd kwa mafungu manne: Azd Shanu'a, Azd wa Sarat, Azd wa Ghassan na Azd wa Oman. Haya ni makundi ya mahali zaidi kuliko ya damu, kwa hiyo usiyatumie kama matawi ya shajara, yaani mti wa nasaba. Sarat ni milima inayoshuka kutoka Taif kuelekea Asir, na huko hadi leo wapo Ghamid na Zahran, mkoa wa al-Baha nchini Saudia. Daws, kabila la Abu Hurayra, ni tawi la Zahran.

Ansari wa Madina, Aws na Khazraj, wanapanda kwa Tha'laba bin Amr Muzayqiya. Khuza'a, waliowahi kushika Makka kabla ya Maquraishi, ndio tawi lenye mgogoro: wengi wanawapandisha kwa Amr Muzayqiya, na wengine wanawaweka Mudar kabisa, upande wa Adnan. Ukikutana na shajara inayowaweka Khuza'a upande mmoja bila kutaja upande wa pili, ujue mwandishi wake ameshachagua kambi.

Njia mbili za kuingia Oman

Kwa msomaji wa pwani yetu, tawi la Oman ndilo lenye kazi nyingi. Azd wa Oman hawapandi kwa njia moja. Wapo wanaopita kwa Nasr bin al-Azd, na wapo wanaopita kwa Mazin bin al-Azd, na ukichanganya njia hizi shajara yako itaharibika katikati bila mtu kugundua.

Njia ya Nasr ndiyo kubwa zaidi, nayo inapita kwa Zahran. Kutoka hapo anatoka Malik bin Fahm bin Ghanm bin Daws, anayesimuliwa kuwaongoza Azd kuingia Oman na kupigana na Waajemi kwenye uwanda wa Salut, karibu na Bahla. Kwa watoto wake wanahesabiwa Hunat (ndio Hinai wa leo), Jahdam, Salima na wengine, na kwake pia wanapandishwa Farahid, watu wa al-Khalil bin Ahmad, yule aliyepanga bahari 15 za mashairi ya Kiarabu. Kutoka kwa Zahran hiyohiyo, lakini bila kupita kwa Malik, wanatoka Yahmad, Huddan na Ma'wala. Yahmad ni ukoo wa Jabir bin Zaid, mwanachuoni aliyetokea Firq karibu na Nizwa, na ndani yake wamo Banu Kharus waliotoa maimamu. Ma'wala ni ukoo wa al-Julanda.

Njia ya Mazin inapita kwa Amr Muzayqiya, kisha mwanawe Imran, hadi al-Atik. Hapa ndipo walipo jemadari al-Muhallab na, baadaye sana, Nabahina, yaani akina Nabhani.

Kifo cha Malik bin Fahm husimuliwa hivi. Aliwapa wanawe zamu za kulinda usiku. Ndugu walimwonea wivu Salima kwa kuwa alipendwa zaidi, wakamwambia baba kwamba Salima hulala zamuni. Malik akatoka usiku kwenda kuhakikisha. Salima akaona mtu gizani, akavuta upinde, akalenga. Mzee akafa akisema, kwa ubeti unaojulikana kila nchi ya Kiarabu, kwamba alimfundisha kulenga kila siku, na mkono ulipokaa sawasawa akalengwa yeye. Salima akakimbilia Kirman, ng'ambo ya bahari, na Azd wa huko wakamhesabu babu yao. Angalia kazi inayofanywa na kisa hiki: kinaeleza kwa nini tawi moja liko Uajemi wakati ndugu zake wako Oman. Visa vingi vya mababu vina kazi ya namna hiyo, na ukiiona kazi yenyewe unajua kisa kilihifadhiwa kwa nini.

Kuna mtego mwingine hapohapo. Baadhi ya wanasaba wanamfanya Jadhima al-Abrash, mfalme wa Iraq, kuwa mtoto wa Malik bin Fahm huyu. Lakini Tanukh, kabila jingine, nao wana Malik bin Fahm wao, wa Quda'a. Jiwe la Umm al-Jimal huko Jordan, la karne ya 3, lililoandikwa kwa Kigiriki na Kinabatia, linamtaja Jadhima kuwa mfalme wa Tanukh. Wawili walioitwa jina moja na baba mwenye jina moja wakaunganishwa kuwa mtu mmoja, na Azd wakapata mfalme wa ziada.

Basra, mahali nasaba ilipoandikwa kwa wino

Mwaka wa 8 Hijria, Amr bin al-As alifika Oman na barua ya Mtume (s.a.w.) kwa Jayfar na Abd, wana wa al-Julanda. Kuanzia hapo tunasimama kwenye ardhi ngumu: majina, miaka na mahali vinathibitishana kutoka pande tofauti. Mwaka wa 11 vikatokea vita vya Dibba. Kisha Azd wengi wa Oman wakahamia Basra, hasa miaka ya mwisho ya Mu'awiya, karibu mwaka 60 Hijria.

Basra ilikuwa kambi ya jeshi iliyogawanywa katika makhumusi, yaani tano: Azd, Tamim, Bakr bin Wail, Abd al-Qays na Ahl al-Aliya. Mshahara uligawiwa kwa daftari la kabila. Mtu asiye na kabila hakuwa na mahali pa kusimama kwenye foleni. Yazid bin Mu'awiya alipofariki mwaka 64, gavana Ubaydullah bin Ziyad alijificha kwa mkuu wa Azd, Mas'ud bin Amr. Mas'ud akauawa, na Azd pamoja na washirika wao wa Rabi'a wakakabiliana na Tamim mpaka diya ikalipwa. Katika mazingira hayo nasaba haikuwa mambo ya barazani. Ilikuwa hati ya kazi na bima ya maisha, na ndiyo sababu ikaandikwa, na ndiyo sababu ikatiwa chumvi.

Chukua mnyororo wa al-Muhallab, jemadari aliyewapiga Azariqa, kundi la Khawarij, na kufariki Khurasan mwaka 82 Hijria (702). Al-Muhallab bin Abi Sufra Zalim bin Sarraq bin Subh bin Kindi bin Amr bin Adi bin Wail bin al-Harith bin al-Atik bin al-Azd bin Imran bin Amr Muzayqiya. Hesabu kwenda juu: Abu Sufra wa kwanza, Sarraq wa pili, mpaka Muzayqiya wa kumi na mbili. Hatua 12 ni miaka 400. Al-Muhallab alizaliwa karibu mwaka 630, kwa hiyo Muzayqiya anaangukia karibu mwaka 230. Hiyo ni kabla kidogo ya jiwe la mfalme wa al-Asd, na zaidi ya miaka 300 kabla ya lambo kuvunjika kwa mwisho. Mnyororo umekubaliana na mawe na kuikanusha hadithi ya lambo iliyosimuliwa na walewale waliouhifadhi. Hilo linanifanya niuamini kwa kiasi kikubwa, maana mtu anayebuni nasaba ili ilingane na hadithi asingeacha pengo la karne tatu.

Lakini tazama jina la kumi: al-Azd. Huyu ni al-Azd bin Imran, mjukuu wa Muzayqiya, wala si al-Azd bin al-Ghawth aliyelipa kabila jina. Wanakili wengi wanapofika "al-Atik bin al-Azd" wanaona wamefika, wanaruka moja kwa moja mpaka al-Ghawth. Kwa kuruka huko wanapoteza watu wanane: al-Azd huyu mdogo, Imran, Amr, Amir, Haritha, Imru' al-Qays, Tha'laba na Mazin. Miaka zaidi ya 260 inayeyuka kwa kosa la jicho. Nimeliona kosa hili kwenye shajara zilizochapishwa kwa rangi na kutiwa fremu.

Na hata mnyororo huu ulikuwa na maadui. Mahasimu wa Muhallab walidai kwamba Abu Sufra hakuwa Mwarabu, bali Mwajemi wa kisiwa cha Kharg aliyejiunga na Azd. Matusi ya washairi si ushahidi, lakini yanaonyesha wapi watu wa wakati ule walidhani mnyororo unaweza kupasuka: pale juu kidogo ya babu anayejulikana na watu walio hai.

Mitego ya nisba

Nisba ni lile jina la mwisho lenye "al-" na "-i". Inaonekana rahisi, na ndiyo inayopoteza watu.

Anza na Azdi yenyewe. Waarabu wa kale waliandika pia al-Asdi, kwa sini yenye sukuni. Katika hadithi ya Ibn al-Lutbiyya, mkusanya zaka aliyesema "hiki chenu, na hiki nimezawadiwa", baadhi ya riwaya zinasema alikuwa mtu wa al-Asd na nyingine wa al-Azd, na maana ni ileile. Lakini ukiondoa alama za irabu, al-Asdi na al-Asadi huandikwa sawa, na Asad ni kabila jingine kabisa, la Mudar. Maandishi bila irabu ndiyo kawaida, kwa hiyo mtu aliyeandikwa hivyo asipewe kabila mpaka ujue ukoo wake mdogo: akiwa Jahdami au Yahmadi, ni Azd.

Mtego wa pili ni mawali. Mtumwa aliyeachwa huru, au mgeni aliyesilimu mikononi mwa kabila, alichukua nisba ya waliompokea. Hammad bin Zayd, mmoja wa maimamu wakubwa wa hadithi wa Basra, aliyefariki mwaka 179 Hijria, huandikwa al-Azdi al-Jahdami, na babu yake Dirham alikuwa mateka kutoka Sijistan. Hakuna aliyeficha jambo hilo. Vitabu vya wapokezi wa hadithi vinasema wazi "maula wao". Kinachoficha ni shajara ya karne zilizofuata, inapolifuta neno maula na kuacha nisba. Kwa pwani yetu, ambako wengi walibeba nisba ya nyumba waliyoitumikia au kulelewa, swali hili ni gumu kuuliza mbele ya watu, lakini mtafiti asiyeliuliza ajue kwamba ameliruka.

Wa tatu: majina yaliyo zaidi ya kabila moja. Nabhani wa Oman ni wa Atik, Azd. Lakini Tayy nao wana Banu Nabhan. Harithi wapo Oman, wapo Najran, wapo Hijazi, na kila kundi lina al-Harith wake.

Wa nne umetokana na siasa. Mwanzoni mwa karne ya 18 Oman iligawanyika katika vita vya kugombea uimamu wa Ya'ariba, ukoo uliokuwa ukiitawala. Upande mmoja uliongozwa na Khalaf bin Mubarak al-Hinai, wa pili na Muhammad bin Nasir al-Ghafiri, na wote wawili waliuawa Suhar mwaka 1728. Makabila yote yakajipanga nyuma yao, na tangu hapo mtu huitwa Mhinawi au Mghafiri. Mhinai ni mtu wa ukoo wa Hunat. Mhinawi ni mtu wa kambi, na anaweza asiwe na uhusiano wowote na Hunat, wala na Azd. Waandishi wa Kizungu wa karne ya 19 walipenda kusema Wahinawi ni Qahtan na Waghafiri ni Adnan. Ni urahisi wa kupanga makabati tu, na kila upande una watu wa asili zote mbili.

Kuukagua mnyororo wako

Kazi hufanywa kutoka chini kwenda juu. Anza na watu ambao yupo aliye hai aliyewaona, kisha tafuta karatasi: hati za ndoa na talaka, wakfu, hati za mashamba, barua, maandishi ya makaburi. Kwa Unguja, Nyaraka za Taifa zina hati nyingi za enzi ya masultani. Hati ya wakfu ina thamani zaidi ya shajara ya ukutani, kwa sababu iliandikwa kwa shughuli nyingine: mwenye kuweka wakfu alitaka nyumba yake isiuzwe, hakuwa akijenga ufahari, na aliandika jina lake, la baba na la babu mbele ya mashahidi.

Hapo karatasi zinapokwisha, piga mstari. Juu ya mstari huo ni mapokezi, na mapokezi hukaguliwa kwa hesabu. Ukiambiwa babu wa kwanza aliishi miaka 800 iliyopita, tarajia majina 24, yakipungua au kuzidi kidogo. Ukiona 12, nusu imeanguka. Hilo halimaanishi kwamba nasaba ni ya uongo. Mara nyingi wamebaki waliojulikana na wakaanguka waliokuwa watu wa kawaida. Usijaze pengo kwa majina ya kuazima kutoka kitabuni. Hilo ndilo kosa lisilotengenezeka, kwa sababu kizazi kijacho hakitajua yapi yalirithiwa na yapi yalipachikwa.

Angalia pia majina yanayojirudia. Watoto hupewa majina ya babu zao, kwa hiyo mnyororo hujipinda kama ule wa Sultan Said wa Unguja: Said bin Sultan bin Ahmad bin Said bin Ahmad bin Muhammad. Jicho la mwandishi likitoka kwa Ahmad wa kwanza likatua kwa Ahmad wa pili, watu wawili wamepotea, na mnyororo uliobaki unasomeka vizuri kabisa.

Sehemu dhaifu zaidi kwa familia za Oman ni kati ya karne ya 6 na ya 10 Hijria. Kabla yake kuna maimamu wanaojulikana kwa miaka yao, kama al-Warith bin Ka'b al-Kharusi aliyetawala 179 hadi 192 na kufa kwenye mafuriko ya wadi ya Nizwa akijaribu kuokoa wafungwa. Baada yake kuna Ya'ariba kuanzia 1624, na maandishi yanarudi kuwa mengi. Katikati ni zama za wafalme wa Nabahina, ambao wanahistoria wa maimamu hawakuwapenda na hawakujisumbua kuwaandika. Shajara inayopita karne hizo nne bila kukwama hata kidogo, kila jina likiwa na mwaka wake, naitilia shaka zaidi kuliko ile yenye shimo.

Vipimo vya vinasaba navyo vimeingia. Kundi la J1 la kromosomu Y ni la kawaida kwa Waarabu wa kusini na wa kaskazini, kwa hiyo kulikuta peke yake hakukupi Azd wala Adnan. Linalosaidia ni kulinganisha wanaume wawili wa koo zinazodai babu mmoja, na kuona kama umbali kati yao unalingana na vizazi vinavyodaiwa. Hata hivyo kipimo hicho hufuata mstari wa baba kwa baba tu.

Zanj na Pate

Tarehe za Oman zinasema kwamba Sulayman na Said, wana wa ukoo wa al-Julanda, walishindwa na majeshi ya al-Hajjaj, gavana wa Iraq, wakachukua familia zao na kwenda nchi ya Zanj, yaani pwani ya Afrika Mashariki, wakafia huko. Hiyo ni karibu mwaka 700. Tarehe hazitaji mji. Miji ya pwani iliyowadai baadaye ilijaza pengo yenyewe.

Pate ni kisa kizito zaidi. Tarehe ya Pate, iliyohifadhiwa kwa mdomo na Bwana Kitini wa ukoo huohuo na kuandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, inasema Sulayman bin Sulayman bin Muzaffar al-Nabhani alifika kutoka Oman karibu mwaka 600 Hijria, yaani 1204. Mwaka 1969 mwanaakiolojia Neville Chittick aliipinga: kwake yeye Pate haikuwa mji wa maana mapema hivyo, na orodha ya wafalme ilikuwa imevutwa nyuma. Ibn Battuta naye alipita pwani hii mwaka 1331, akaeleza Mogadishu, Mombasa na Kilwa, na Pate hakuitaja. Wachimbaji wa baadaye walikuta Pate kuna makazi ya zamani kuliko Chittick alivyofikiri, lakini makazi ya zamani hayathibitishi Mnabahani. Vigae vya udongo havina nisba.

Tarehe hiyohiyo inaeleza wazi jinsi ufalme ulivyopatikana. Sulayman hakuja na jeshi. Alimwoa binti wa mfalme wa Wabatawi, wenyeji wa Pate, na enzi ikamjia kwa njia ya mkewe. Wanawe wakabeba nisba ya baba, Nabahani, na haki ya kiti wakaipata kwa mama. Shajara zinazotundikwa zina "bin" tupu kutoka Pate hadi Atik, na yule binti, ambaye bila yeye pasingekuwa na sultani wa Pate wa kuandikiwa nasaba, hana hata jina ndani yake.